Kikulacho Kuku ki Ukutani

Juma hili nataka tuzungumze juu ya adui mdogo kabisa wa nyumba zetu, mdogo hata punje ya mtama ni kubwa mbele yake. Jina lake ni utitiri. Kila afugaye kuku amepata kuusikia, na wengi wamepata kuwashwa nao walipotia mkono katika kiota. Lakini kuusikia si kuujua. Mimi nilidhani naujua, kumbe sikuujua, na ujinga wangu ulinigharimu kitu kikubwa kuliko kuku. Nitawaeleza, ingawa haya zanishika, kwa maana pengine yuko msomaji ambaye leo yu katika kosa lile lile.

Hapa kwetu Muheza tuna banda la miti na udongo nyuma ya nyumba, karibu na mchungwa. Walikuwamo mitetea 8 na jogoo 1. Mayai hatuyali yote. Mengine huuzwa, na fedha yake ndiyo inunuayo madaftari, kalamu na sabuni ya mtoto wa dada yangu, ambaye tunakaa naye apate kusoma. Yeye ndiye mwenye kazi ya kuwafungulia kuku asubuhi, kuokota mayai, na kunipa hesabu jioni. Mimi ni karani wa parokia, na kuandika ndiyo kazi yangu; basi mayai nayo nikayawekea daftari.

Masika yalipokwisha, hesabu ikaanza kupungua. Mayai 4 kwa siku yakawa 3, kisha 2, kisha siku nyingine hakuna. Mtetea mmoja aliyekuwa akilalia mayai 11 akayaacha siku ya kumi na mbili, yakaharibika yote. Mtoto akaniambia, "Mjomba, kuku hawataki kulala ndani siku hizi, wanapanda mchungwani. Na mimi nikiokota mayai mikono inaniwasha." Nami nikamsikiliza kama mtu asikilizaye udhuru wa mvivu. Moyoni nikasema, huyu anauza mayai dukani ananunua maandazi, na sasa anatafuta maneno ya kunifumba macho.

Jioni moja, mbele ya mke wangu na majirani wawili waliokuja kutuamkia, nikamwuliza kwa ukali, "Mayai unampelekea nani?" Akajibu, "Mjomba, sikuchukua hata moja." Nikamwambia kwamba mwizi akisema uongo amefanya makosa mawili. Akanyamaza. Tangu siku ile hakuonja yai tena, hata mke wangu alipomkaangia na kumbembeleza.

Basi nikaazimia kumkamata mwizi kwa mkono wangu. Usiku kama saa tatu nikachukua tochi, nikaingia bandani, nikasimama kimya nyuma ya mlango, mkono nimeuegemeza ukutani. Hazikupita dakika tano, mkono ukaanza kuniwasha, kisha shingo, kisha mgongo. Nikawasha tochi. Fito za kulalia kuku, ambazo mchana ni kavu tena safi, zilikuwa kama zinatembea. Vumbi jekundu lilikuwa likitoka katika nyufa, likifuata ufito mpaka miguuni mwa mitetea wawili waliokuwa wamebaki kulala ndani. Nikapitisha leso yangu nyeupe upande wa chini wa ufito, ikatoka na michirizi ya damu. Mwizi nilikuwa nimempata, lakini hakuwa mtoto.

Nikarudi ndani nikafungua lile daftari langu. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo karani yeyote angalipaswa kuliona kabla ya kufungua kinywa. Juma lile mtoto alipokwenda Korogwe kumtazama mama yake, na mke wangu akaokota mayai mwenyewe, hesabu ilikuwa ndogo vile vile. Ushahidi wa kumtetea ulikuwa katika mwandiko wangu mimi, nami sikuusoma.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kwa kuku, kikulacho ki ukutani mwake. Neno hili moja ndilo nitakalo mlishike, kwa kuwa mengine yote yatokana nalo.

Tabia ya utitiri

Utitiri ni jamaa ya kupe na buibui. Uliokomaa una miguu minane, wala urefu wake haufiki milimita 1. Ukiwa na njaa rangi yake ni ya majivu. Ukishashiba damu huwa mwekundu. Mchana hujificha katika nyufa za ukuta, chini ya magome ya fito, mahali ufito ulipoungana na ukuta, na chini ya majani ya viota. Usiku hutoka, hupanda juu ya kuku aliyelala, hunyonya damu, kisha hurudi mafichoni kabla ya mapambazuko. Kwa hiyo mtu akimkamata kuku saa sita ya mchana na kumpekua manyoya, huenda asione kitu. Atasema kuku wangu ni safi, naye amesema kweli. Kilicho kichafu ni nyumba.

Hutaga mayai yake katika nyufa zile zile. Penye joto kama la kwetu, mayai huanguliwa baada ya siku mbili au tatu, na kwa muda wa juma moja hivi au siku kumi yule aliyeanguliwa amekwisha kuwa mzima, naye aanza kutaga. Tena utitiri waweza kuvumilia njaa kwa miezi, hasa mahali penye baridi. Kuliacha banda tupu majuma mawili, kisha kuweka kuku wapya, si dawa. Umewapelekea chakula wenye njaa.

Kuku aliyenyonywa damu kila usiku hudhoofika. Undu wake, yaani kile kilemba chekundu cha kichwani, hupauka. Hutaga kidogo au huacha kabisa. Vifaranga hufa upesi kwa kuwa damu yao ni kidogo. Anayepata taabu kuliko wote ni mtetea alaliaye mayai, maana hawezi kuondoka. Ama atayaacha mayai yake, na sisi tutamwita mama mbaya, ama atavumilia mpaka afe juu yake.

Namna ya kuupima

Usingoje kuwashwa. Tazama haya: kuku kukataa kuingia bandani jua likichwa, undu kupauka, madoa madogo ya damu juu ya maganda ya mayai, na unga wa rangi ya majivu, kama chumvi iliyochanganywa na pilipili manga, kwenye maungio ya fito. Kisha usiku, saa mbili au tatu baada ya giza kuingia, nenda na taa au tochi. Chukua kitambaa cheupe au karatasi, ukipitishe kwa nguvu chini ya fito na kandokando ya viota. Kikitoka na michirizi myekundu, umekwisha kupata jibu.

Yafaa pia kujua kwamba kuna utitiri wa namna nyingine ambao hukaa juu ya kuku usiku na mchana. Huo utauona mchana ukifunua manyoya ya nyuma, chini ya mkia. Manyoya ya hapo huwa meusi na machafu. Kuna na wadudu wa miguu, wajichimbiao chini ya magamba mpaka yakasimama na kuwa kama ukoko mweupe. Kuku mwenye ugonjwa huo aoshwe miguu kwa maji ya vuvuguvugu na sabuni, isuguliwe polepole bila kubandua magamba kwa nguvu, kisha ipakwe mafuta ya nazi au mafuta mazito ya kujipaka. Irudiwe kila baada ya siku chache mpaka magamba yalale.

Kazi ya kusafisha

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Chagua siku ya jua, uanze asubuhi.

Kwanza, toa kuku wote nje, utoe na kila kitu kinachotoka: fito, viota, masanduku, vyombo vya maji. Zoa mavi na majani yote mpaka sakafu ionekane. Majani ya viota yachomwe moto mbali na nyumba, siku hiyo hiyo. Mtu akiyarundika nyuma ya banda, utitiri utarudi kwa miguu yake usiku huo.

Pili, chemsha maji mengi. Fito ubandue magome yote, uzimwagie maji yanayochemka, uzianike juani mchana kutwa. Fito iliyooza au yenye nyufa nyingi usiihurumie. Itupe motoni, ukate nyingine laini. Viota vya mbao navyo vimwagiwe maji hayo, hasa pembeni na penye misumari. Watoto wakae mbali wakati wa kazi hii.

Tatu, parua kuta kwa kisu au ufagio mgumu, umwagie nyufa maji ya moto yenye sabuni. Zikikauka, ziba kila ufa kwa udongo uliokandwa vizuri, ulainishe kwa mkono. Kazi hii ndiyo kubwa kuliko zote, maana ufa uliozibwa ni nyumba iliyobomolewa. Ukiweza kupata chokaa, paka kuta zote mara mbili. Huingia katika vitundu vidogo ambavyo udongo hauwezi kufika. Angalia tu chokaa isikurukie machoni, wala kuku wasiingie kabla haijakauka.

Nne, unaporudisha fito, zisiguse ukuta. Usizichomeke ukutani kama tulivyozoea, bali uziweke juu ya miguu yake yenyewe, na kila mguu uusimamishe ndani ya kopo lenye mafuta machafu ya gari. Utitiri utokao ukutani utashindwa kuvuka. Mafuta yawe kidogo, na kopo lifunikwe kwa namna ambayo vifaranga hawawezi kutumbukia. Watu wengi hupaka ncha za fito mafuta ya taa. Yafaa, lakini yapakwe kwa kitambaa asubuhi, yakauke kabisa kabla kuku hawajalala, kwa maana huunguza ngozi. Siku hiyo mtu asikaribie banda na kibatari wala sigara.

Tano, wape kuku mahali pa kuogea. Weka mchanga mkavu uliochanganywa na majivu ya kuni yaliyopoa, mahali pasiponyeshewa. Kuku mwenyewe anajua la kufanya. Katika viota wako waongezao majani makavu ya mwarobaini au ya tumbaku. Mimi nimeweka mwarobaini, nami naona hausumbui kuku. Lakini msidhani kwamba majani yatafanya kazi ya maji ya moto na udongo.

Sita, na hapa ndipo wengi tuanguka: rudia. Kazi ya siku ya kwanza huua wengi walio hai, lakini mayai kadha wa kadha yatabaki. Baada ya siku 7 rudia tena, na baada ya siku 7 nyingine rudia mara ya tatu. Mtu afanyaye mara moja akakaa ni kama mtu apaliliaye shamba siku moja kwa mwaka. Kisha kila mwezi pitisha kile kitambaa cheupe usiku, ujue hali.

Juu ya dawa

Wengi watauliza, je, hakuna dawa ya kunyunyiza tukapumzika? Zipo dawa za unga na za maji zilizoruhusiwa kwa kuku. Mwendee Bwana Mifugo wa mahali penu, umweleze ulichokiona, akupe iliyo halali na kipimo chake. Mwulize jambo moja zaidi: baada ya dawa hii, mayai na nyama visiliwe kwa siku ngapi? Jibu lake liandike ukutani.

Lakini usichukue dawa ya pamba, wala ya kahawa, wala ile ya kuua mende, ukamwagia kuku. Zamani watu walitumia D.D.T. kwa kila kitu, na baadaye ikajulikana kwamba sumu ile hukaa katika udongo na katika mafuta ya mwili kwa miaka mingi. Katika mapatano ya Stockholm ya mwaka 2001 mataifa yalikubali kuibana, isitumike ila kwa kupigana na wadudu waletao magonjwa kama malaria. Na mtu asidhani kwamba makosa haya ni ya maskini tu. Mwaka 2017 huko Uholanzi na Ubelgiji, katika mabanda makubwa ya kuku, ilionekana kwamba dawa ya kusafishia utitiri ilikuwa imechanganywa na sumu iitwayo fipronili, ambayo haikuruhusiwa kwa wanyama waliwao. Sumu ikaingia katika mayai. Mamilioni ya mayai yakaondolewa madukani, mashamba yakafungwa. Walitaka kuua utitiri, wakaharibu chakula cha watu. Mayai tuwapayo watoto wetu yasiwe na kitu ambacho hatungekitia sisi wenyewe katika sufuria.

Mahali unapotoka

Utitiri hauzaliwi na uchafu peke yake. Huletwa. Huletwa na ndege wajengao katika paa la banda, na vikapu na matenga yatokayo sokoni, na hasa na kuku wapya. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mara nyingi hakosi na utitiri manyoyani. Ukinunua au ukipewa kuku, mfunge mahali pake majuma mawili, umpekue manyoya na miguu, ndipo umchanganye na wengine. Kwetu nadhani ulikuja na jogoo niliyemnunua mnadani, nikamtia bandani jioni ile ile kwa furaha.

Basi nimalizie na deni langu. Asubuhi baada ya usiku ule nilimwita mtoto, nikamwambia kwamba nimeona utitiri na kwamba sikumwamini aliposema kweli. Lakini nilipokuwa nikisema naye pale uani, mke wangu akaniambia kwa upole, "Baba, ulimshitaki mbele za watu." Maneno hayo yalinichoma kuliko utitiri. Jioni nikawaendea wale majirani wawili, nikawaomba waje. Mbele yao nikasema kwamba mtoto huyu hakuiba, bali mimi ndimi niliyemwibia jina lake jema, na ninamwomba radhi. Kumwambia mtoto maneno hayo si kazi nyepesi kwa mtu mzima aliyesomea ualimu. Yeye akatazama chini akasema, "Nimekusamehe, mjomba," kisha akauliza kama ataendelea kuokota mayai.

Tulisafisha banda pamoja mara zote tatu. Yeye ndiye aliyeziba nyufa, kwa kuwa vidole vyake ni vyembamba na macho yake ni makali kuliko yangu. Mtetea mmoja alikuwa amekwisha dhoofu mno, akafa. Waliosalia wakaanza kushuka mchungwani na kulala ndani mmoja mmoja. Baada ya majuma kadha mayai yakarudi kuwa 3, na siku nyingine 4. Daftari sasa analishika yeye, na jioni mimi ndimi niulizaye hesabu kwa adabu. Juzi alikula yai.

Ndugu msomaji, ikiwa nyumbani kwako mayai yamepungua, au mtetea amekimbia kiota, au kuku wanalala mtini, usiseme na mtu bado. Usimwulize mtoto, wala mtumishi, wala jirani ambaye uzio wenu umepakana. Ngoja usiku uingie, uchukue kitambaa cheupe na taa, ukatazame chini ya fito. Na ikiwa nyumbani mwako yuko mtoto aliyekuambia kwamba mikono inamwasha, mwendee leo.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya chakula cha vifaranga katika majuma yao ya kwanza. Kaeni salama.